Hadubini Iliyogeuka Darubini

Mhadhara kwa wakazi wa Sarang'ombe, Kibera



Naanza na neno. Darubini ni neno lililotufikia kutoka Uajemi, ambako dur ni mbali na bin ni kuona. Ni chombo cha nahodha. Hadubini ina mkia uleule wa -bini, ila kazi yake imegeuka. Haitazami upeo wa bahari; inainama juu ya kipande cha kioo chenye urefu wa sentimita saba na nusu na kutafuta kitu kidogo mno ambacho jicho tupu hukikosa. Hapa mtaani watu wengi huviita vyote viwili darubini, na walimu wa Kiswahili huwakemea. Leo nawatetea. Nimekuja kuzungumza juu ya hadubini inayofanya kazi ya darubini: kioo kiko hapa Olympic au Gatwekera, na jicho linalokisoma liko Hospitali ya Kenyatta, Kisumu, au hata Helsinki. Nataka tuone jambo hili linafanyikaje kwa pesa kidogo, na linapokwama linakwamia wapi. Mimi limenikwamia, na nitawaambia.

Kwanza twendeni kwenye meza yenyewe. Maabara ya kliniki ya mtaa ni chumba ambacho wawili wakiingia, wa tatu husubiri nje. Kuna sinki, taa ya spiriti, chupa ya rangi ya Giemsa iliyokwisha kupaka kila kitu zambarau, chupa ya fuksini nyekundu, na hadubini moja iliyofunikwa kitambaa. Gari moshi la asubuhi likipita, kila unachokiona ndani ya lenzi hutetemeka. Unanyanyua kichwa, unangoja mabehewa yaishe, unarudi.

Mtu analeta makohozi. Kanuni ya kupima kifua kikuu kwa hadubini inasema: usimwambie mtu hana kitu mpaka utazame maduara 100. Duara ni ule mwanga unaouona ukiweka jicho kwenye lenzi. Tukikuza mara 1,000, duara hilo lina upana wa takriban sehemu mbili za kumi za milimita. Pigeni hesabu. Maduara 100 yanafika kama milimita 3 za mraba, robo ya punje ya mchele. Makohozi tuliyoyapaka kwenye kioo yana urefu wa sentimita 2 na upana wa sentimita 1, yaani milimita 200 za mraba. Basi hata mtaalamu mwaminifu aliyefuata kanuni mpaka mwisho ametazama chini ya sehemu 2 kwa 100 za alicholetewa. Kilichobaki hakijaonwa na mtu. Ishikeni hesabu hiyo, nitaihitaji baadaye.

Mwingine ametoka Siaya juzi na ana homa. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na malaria nyingi tunayoiona hapa imesafiri kwa basi pamoja na mwenyewe. Unamdunga kidole, unapaka tone nene na tone jembamba, unapaka Giemsa, unasubiri, unatazama. Na hapa niseme la pembeni. Kibera tumezoea kuambiwa "una malaria na taifodi" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Taifodi ipo, tena ipo sana: watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani, waliofuatilia nyumba za Gatwekera na Soweto kuanzia katikati ya miaka ya 2000, waliikuta hapa kwa wingi kuliko kijijini Lwak, upande wa Ziwa. Lakini taifodi haionekani kwa hadubini. Vijidudu vyake huoteshwa kutoka kwenye damu, na huchukua siku. Anayekwambia ameiona kwenye kioo, mshukuru, kisha uende kwingine.

Sasa, kazi hizo za kila siku mtu wa maabara anazimudu peke yake. Shida huanza siku ile anapoona asichokijua. Chembe nyeupe za damu zimekuwa nyingi na kubwa kupita kiasi. Chembe nyekundu zimejikunja kama mundu kwa mtoto ambaye familia yake imetoka kanda ya ziwa. Uvimbe shingoni umetolewa majimaji kwa sindano, na seli zilizotoka hazifanani na picha za kitabuni. Hapo anahitajika mwanapatholojia, na hao ni wachache mno. Kusini mwa Jangwa la Sahara hukadiriwa kuwa kuna mmoja kwa kila watu milioni moja, na wengi wao wako kwenye hospitali kubwa za miji mikubwa.

Mtasema: sisi tuko mji mkubwa. Kweli. Kutoka hapa mpaka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta unaweza kwenda kwa miguu, na wengi wetu huenda kwa miguu. Lakini mama anayefua nguo Kilimani akienda kupanga foleni Kenyatta, siku hiyo hafui, na asipofua hapiki. Akiambiwa arudi Alhamisi, zimekuwa siku mbili. Umbali wa Kibera hupimwa kwa vibarua vilivyopotea. Ndiyo maana wazo la kukituma kioo badala ya kumtuma mgonjwa linatuhusu sisi tulio karibu kuliko hata wale wa Turkana.

Wazo lenyewe ni la zamani, na Afrika Mashariki ina sehemu yake. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aitwaye Denis Burkitt, aliletewa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Akataka kujua uvimbe huo unaishia wapi barani. Akachapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa posta kwenye hospitali za mbali: je, mmeona kitu kama hiki? Mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili, wakazunguka nchi baada ya nchi, Kenya na Tanganyika zikiwamo, mpaka Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali. Picha kwa posta, jibu kwa posta. Mwaka huohuo alitoa mhadhara London, na katika wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyetoka pale na fikra moja: huenda uvimbe huu unaletwa na virusi. Wakakubaliana Kampala itume vipande vya uvimbe kwa ndege.

Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Halafu Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ikakuta London imefunikwa na ukungu, ikageuzwa kwenda Manchester. Kipande kilipofika maabara kilikuwa kimechelewa, na maji kilimolowekwa yalikuwa yamechafuka. Mtu yeyote wa maabara akiona maji yamechafuka husema: bakteria wameingia, mwaga. Epstein hakumwaga. Alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini ya kawaida, ya aina hii tuliyo nayo sisi, akakuta uchafu ule si bakteria. Zilikuwa seli hai za uvimbe, zimebanduka safarini na zinaelea. Ni kutoka kwa seli hizo za mtoto wa Uganda ambapo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walikuza seli maabara, na mwaka 1964 wakatangaza virusi ambavyo leo vina jina la Epstein na Barr. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyopewa sifa. Mimi huwa nalikumbuka lile tone la kwanza.

Wamarekani nao walikuwa na yao. Mwaka 1968 kliniki ya uwanja wa ndege wa Logan, Boston, ilirusha picha za damu na mkojo, nyeusi na nyeupe, kwa mitambo ya televisheni mpaka hospitali kubwa ya mji. Mwaka 1986 Ronald Weinstein aliipa kazi hii jina, telepatholojia. Miaka michache baadaye wataalamu wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, wakawa wanaongoza kutoka mbali hadubini yenye mota iliyokuwa Kirkenes, huku mgonjwa akiwa bado mezani anapasuliwa. Yote hayo yaliwezekana. Yote yalihitaji pesa ambazo hazijawahi kupita Sarang'ombe.

Kilicholeta mambo haya chini ni simu. Mwaka 2013 daktari wa Kanada, Isaac Bogoch, na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kisiwani Pemba. Walichukua lenzi ndogo ya mviringo kama gololi, upana wa milimita 3, wakaibandika kwenye kamera ya iPhone kwa gundi ya karatasi ya pande mbili. Lenzi iligharimu kama dola 8. Wakatazama vioo 199 vya choo cha watoto wa shule, kisha wakalinganisha na hadubini halisi. Mayai ya mchango mkubwa waliyaona kwa watoto 81 katika kila 100 waliokuwa nayo. Ya mnyoo mjeledi, kama 54. Ya safura, 14 tu.

Gazeti likiandika habari hiyo litaandika 81. Mimi nimeandika 14 kwenye ukuta wa maabara yangu. Yai la safura lina ganda jembamba sana, na kwenye kioo kilichotayarishwa kwa njia ile hufifia baada ya muda mfupi. Kwa hiyo simu ilikosa kile ambacho hata jicho la mtu hukikosa akichelewa. Na safura ndiyo inayokausha damu ya mama mjamzito. Chombo cha bei nafuu kisichoona safura kina kazi yake, lakini asitokee mtu wa kukisimika hapa akisema tumepona.

Sasa tuje kwenye namna zenyewe za kuangalia kwa mbali, maana si moja. Ya kwanza mnaijua: weka kamera ya simu juu ya lenzi ya hadubini, piga picha, tuma. Fundi yeyote wa jua kali atakukatia mrija wa PVC unaokaa juu ya lenzi, na kipande cha spanji cha kuzuia simu isiteleze. Kuna ujanja kidogo. Kamera isigusane na lenzi; isogeze kama sentimita moja mpaka mbili, utaona duara la mwanga likikua hadi kujaa, hapo simama. Bonyeza kioo cha simu kwa muda ili isibadilishe mwanga na umakini yenyewe kila mara. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, usiitume kama picha, maana WhatsApp huibana picha ili bando lisiishe, na katika kubana hutupa vitu vidogo. Vitu vidogo ndiyo kazi yetu.

Na hapa ndipo penye kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kliniki ambayo sitaitaja. Akaja mama muuza omena mwenye uvimbe shingoni. Daktari akamchoma sindano, nikapaka vioo viwili, kimoja nikakitia rangi. Nikaona seli nyingi, sikuzielewa. Nilikuwa na mrija wangu wa PVC, mpya, na nilijivunia. Nikazungusha kioo mpaka nikapata duara zuri: seli zimetawanyika vizuri, rangi imekolea, hakuna uchafu. Nikapiga, nikamtumia mtaalamu mmoja mwema sana aliyekuwa mbali. Jibu likaja kabla ya jua kutua: seli za kawaida za tezi iliyochokozwa na maambukizi, mfuatilieni. Mama akaenda zake.

Wiki tatu baadaye alirudi amekonda. Nikakifunga kioo kilekile kwa karatasi laini, nikakitia mfuko wa shati, nikampelekea mkubwa wangu kazini. Alikiweka chini ya hadubini, na hata hakulitazama lile duara langu zuri. Akaenda moja kwa moja ukingoni, pale rangi iliporundikana na kuchafuka, pale nilipopaepuka kwa sababu picha ingetoka mbaya. Palikuwa na vifusi vya seli zilizokufa, na kando yake vikundi vya seli vya aina inayojulikana na kila anayefanya kazi hii Kenya. Tukakitia kile kioo cha pili rangi ya kifua kikuu. Vijiti vyekundu vikaonekana. Kifua kikuu cha tezi, dawa miezi sita. Mama alipona, na bado anauza omena. Wiki tatu zile ni zangu.

Mtaalamu wa mbali hakukosea. Alijibu kwa haki juu ya alichoonyeshwa. Mnajua kutafuta keja kwa simu: dalali anakutumia picha ya kona moja, rangi mpya, dirisha, jua linaingia. Unatuma deposti. Unahamia, unakuta dari inavuja upande ambao picha haikufika. Dalali hakusema uongo, alichagua kona. Mimi siku ile nilikuwa dalali wa kioo.

Rudieni sasa hesabu yangu ya mchele. Ikiwa mtu aliye na kioo mkononi, akitazama maduara 100, anaona chini ya sehemu 2 kwa 100, anayetumiwa picha tatu anaona nini? Anaona maamuzi ya aliyezipiga. Kwa hiyo nikiulizwa teknolojia hii inagharimu nini, siwezi kuanza na kamera. Kamera imeshafika, iko mfukoni mwa kila kijana hapa. Gharama iko kwenye kufundisha mkono unaochagua, na kazi hiyo haina wafadhili wengi, kwa sababu haipigiki picha.

Njia nyingine ni kukitoa kioo chote. Mashine ya skana hupita juu ya kioo mstari kwa mstari, ikapiga maelfu ya picha na kuziunganisha. Skana kubwa za hospitali huanzia bei ya matatu mpya. Siku hizi zipo ndogo za kubebwa mkononi, na moja iliwekwa Kinondo, Kwale, kwenye hospitali ya Kinondo Kwetu, kusini mwa Diani. Watafiti wa Helsinki na Stockholm, pamoja na watu wa hospitali hiyo, walichukua vioo vya uchunguzi wa mlango wa kizazi vya wanawake 740 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kati ya 2018 na 2019. Vioo vikaskaniwa palepale, picha zikapita kwenye mtandao wa simu, na programu ya kompyuta ikafundishwa kutafuta seli zilizoharibika, kisha wataalamu wakaangalia. Walichapisha matokeo 2021: hakuna kioo chenye dalili kali ambacho programu ilikiita safi. Saratani hii huwapata zaidi ya wanawake 5,000 kila mwaka nchini, na zaidi ya 3,000 hufa. Ni habari njema kutoka pwani yetu, ingawa niongeze kwamba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha kutafuta virusi vya HPV kama kipimo cha kwanza, kisichohitaji jicho wala hadubini. Huenda kioo cha aina hii tukakiaga kabla hatujakimudu. Hayo ndiyo maisha ya maabara.

Ninachowaomba mtazame Kinondo ni jambo lingine. Kioo cha seli kikikuzwa vizuri ni kitu kikubwa ajabu. Chukueni eneo la milimita 15 kwa 15. Ukitaka kila nukta ya picha iwe robo ya mikromita, unapata nukta 60,000 kwa 60,000, nukta bilioni 3.6. Bila kubanwa, faili hilo linapita jigabaiti 10. Nani ana bando hilo? Basi inapitaje kwenye simu ya Kwale?

Jibu lake mnalijua bila kujua kwamba mnalijua, kwa sababu Kibera iliwahi kupita humohumo. Mpaka 2009, mtu akifungua ramani ya mtandaoni, mahali hapa palikuwa doa tupu. Maelfu kwa maelfu ya watu, na ramani ikaonyesha kama bado ni msitu, kama jina la Kinubi, Kibra, linavyosema. Mwaka huo vijana wa humu ndani walipewa vifaa vya GPS, wakatembea kila kichochoro, wakaweka vyoo, visima, kliniki, shule na misikiti. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera, na ikaingia kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Sasa, ukifungua ramani ile kwenye simu, huletewi dunia nzima. Ramani imekatwa vigae vya mraba, na imewekwa kwa tabaka: tabaka la juu linaonyesha Kenya, la chini yake Nairobi, la chini zaidi kichochoro chako. Simu inaomba vile vigae vichache vinavyojaza kioo chake, basi.

Kioo cha seli hukatwa vivyohivyo. Nukta zile bilioni 3.6 zinakuwa vigae takriban 55,000 vya nukta 256 kwa 256. Mtaalamu anaanza juu, anaona kioo chote kama unavyoona Afrika, anasema hapa ukingoni pamechafuka, anashuka. Simu yake inaleta vigae ishirini hivi kwa mara moja, uzito wake hauzidi picha chache za kawaida. Na ukingo hauwezi kufichwa na dalali, kwa kuwa umeshaskaniwa. Kijana aliyechora Gatwekera 2009 tayari anajua hesabu ya hospitali, ila hakuna aliyemwambia. Ndiyo sababu nimefurahi kuwaona wa mitandao ya jamii hapa, watu wa TunapandaNET na wengineo: ghala la vigae linaweza kukaa humuhumu mtaani, likasomwa kwa waya na antena zenu, na bando likaguswa tu pale mtu wa nje anapotazama.

Kati ya mrija wa PVC na skana kuna kitu cha tatu ambacho mimi binafsi nakipenda. Kinaitwa OpenFlexure. Ni hadubini ya plastiki inayochapwa kwa printa ya 3D, michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na ilianzia Uingereza kwa Richard Bowman na wenzake, kisha ikajengwa na kujaribiwa Tanzania, na STICLab ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya ya Ifakara kule Bagamoyo. Hadubini ya kawaida husogeza kioo kwa meno ya chuma na gresi, na meno hulika. Hii haikitelezeshi kioo kwenye meno ya chuma. Plastiki yenyewe imechapwa na viungo vyembamba vinavyopinda, kama unavyopinda kadi ya NHIF ya zamani bila kuivunja, na kupinda huko hukisogeza kioo kwa hatua ndogo kuliko mikromita moja. Mota ni zile ndogo za bei rahisi, ubongo wake ni kompyuta ya Raspberry Pi. Kwa kuwa hadubini hii ina mota, aliye mbali anaweza kuiendesha mwenyewe: kushoto, kulia, chini. Anachagua duara mwenyewe. Kikivunjika, kipande huchapwa upya Nairobi, hakisubiri meli.

Lakini msidhani roboti hii, au skana ya Kinondo, hurekebisha kioo kibaya. Rangi ikiwa imezeeka, aliye mbali anaona uzee wa rangi kwa ubora wa juu. Tone likiwa nene mno, anaona ukuta. Kipande cha nyama kilichokatwa hospitalini hupitia formalini, nta, na kisu kinachokata unene wa mikromita 3 mpaka 5. Mashine hizo hatuna hapa, na hakuna simu itakayozileta. Ndiyo maana mimi husema kwa mtaa kama huu tuanze na vioo vinavyotoka kwenye sindano na kwenye kidole: majimaji ya uvimbe, damu, makohozi. Hivyo hupakwa na kutiwa rangi papo hapo, chini ya saa moja, kwa chupa zilezile zambarau.

Neno juu ya siri. Seli haina uso, lakini ncha ya kioo ina lebo, na lebo ina jina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeongeza masharti yake. Mimi sihitaji wakili kunieleza. Simu ya mtu wa maabara huchezewa na watoto wake jioni na huibiwa kwenye matatu asubuhi, na Kibera kuta ni za mabati. Andika nambari, jina libaki kwenye daftari. Picha ikishajibiwa, ifute.

Na neno juu ya anayejibu. Yule mtaalamu wangu mwema alinijibu bure, akila. Wema hauna zamu. Siku akisafiri, siku akichoka, hakuna wa kulaumiwa na hakuna wa kujibu. Kama kaunti na bima ya afya zinalipia kitanda, zilipie na jicho: jina la msomaji, saa ya jibu, sahihi. Kioo kikisomwa na mtu asiyetia sahihi, mgonjwa amepata maoni, hajapata majibu.

Kwa kazi ya kesho asubuhi, kabla roboti haijafika, mimi nimerudi kwenye simu, ila sitegemei tena picha yangu peke yake. Ninapiga simu ya video. Mrija uleule wa PVC, hadubini ileile, lakini yuko mtu upande wa pili ananiambia: nenda ukingoni, rudi, punguza mwanga, simama, kuza. Mara ya kwanza aliponiambia niende ukingoni nilitaka kumwambia huko pamechafuka.

Tutaijaribu sasa. Hadubini hii nimeiunganisha na projekta, na kioo kilichopo ni damu yangu, nimejidunga asubuhi kabla ya chai, kwa hiyo siri ni yangu. Nitakisogeza polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nami sitaamua pa kusimama. Mtaona chembe nyekundu kama vidonge vya unga vilivyobonyezwa, nyingi. Mara moja moja itapita kubwa yenye kiini cha zambarau. Ukiona kitu usichokielewa, sema simama. Gari moshi likipita, tutangoja wote. Kijana wa karibu na swichi, tuzimie taa.